Mbele ya ekrani, tuulize sauti

Tangia miaka michache, kila mara vijiji vinavyozunguka mgodi vinapoitwa kuzungumza na kampuni juu ya cahier des charges, kuko ombi moja ambalo linarudiaka mezani. Wengine wanaomba barabara, wengine maji, wengine maternite. Halafu mtu anainua mkono na kuomba chumba cha mafundisho cha kisasa: projektere kwenye dari, bafle ukutani, na ile ekrani ndogo juu ya meza ya mwalimu ambayo anaigusa na kidole tu, taa zinazimika, pazia linashuka, picha inatokea. Watu wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza swali la pili.

Wandugu wachimbaji, mama na baba, sisi wa sendika hatukatae chumba hicho. Tunakitaka. Lakini tunataka swali la pili liulizwe, na la tatu, juu franga itakayokilipa si zawadi. Kode ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inadai kila kampuni yenye ruhusa ya kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yake. Ni kusema, kwa kila dola 1 000 za mauzo, dola 3. Tena kwenye redevansi ya madini, 50% ni ya serikali ya Kinshasa, 25% ya provensi, 15% ya sheferi, sekta au komine ambamo madini yanatoka, na 10% ya mfuko wa vizazi vijavyo. Dola 3 kwa 1 000 si nyingi. Ukiziweka kwenye kioo ambacho kinakufa nyuma ya mwaka mmoja, umezizika.

Tulionaka chumba cha namna hiyo Mudaka, mwenye nacho alipotuazima siku moja. Mudaka inatufaa sisi: wanaotoka Nyabibwe na Kalehe wanafika kwa barabara ya Kavumu, wanaotoka Kamituga wanapita Bukavu na kupanda, na bei ya kulala si ile ya mjini. Soko liko karibu, mtu anakula mihogo na sambaza bila kuuza simu yake. Tulikuwa watu karibu makumi ine: wachimbaji, mama wanaotwanga mawe, wawili watatu wa koperative. Fundisho lilikuwa juu ya usalama wa mashimo.

Kitu cha kwanza kilichotokea ni kwamba ekrani ya meza ilitukataa. Mwalimu aliigusa, ikatii. Alipomwita kijana mmoja wa Nyabibwe aje kujaribu, kijana akagusa mara moja, mara mbili, akasukuma kama anasukuma mlango, hakuna. Watu wakacheka, naye akarudi kukaa akificha mikono. Haikuwa kosa lake. Ekrani nyingi za kugusa, pamoja na ile ya simu, zinasikia umeme kidogo sana unaopita kwenye ngozi ya mtu, si nguvu ya kidole. Mikono yenye sugu, ngozi kavu na nene kama ya mtu aliyeshika nyundo na burini miaka kumi, au vidole vilivyopakaa udongo, kioo kinaweza kisivisikie. Dawa yake ni ndogo: nawa, acha unyevu kidogo, gusa na upande wa kidole ambako ngozi ni laini. Lakini lazima mtu akwambie. Kama hakuna anayekwambia, unarudi nyumbani ukifikiri vitu hivi ni vya wenye kusoma.

Na vitu hivi si vya jana. Mwingereza E. A. Johnson aliandika juu ya kioo cha kugusa mwaka 1965, kwa kusaidia watu wanaochunga ndege angani. Mwaka 1973, kule CERN karibu na Geneva, Bent Stumpe na Frank Beck walitengeneza chao kwa kuongoza mashine kubwa sana ya wanafizikia, juu bila kioo wangehitaji meza zilizojaa vifungo maelfu. Kazi ya ekrani ya meza ni hiyo hiyo mpaka leo: kuweka vifungo vya taa, sauti, projektere na kompyuta pahali pamoja ili mwalimu asizunguke na telekomande ine mikononi. Ni meza ya vifungo, basi. Haifundishe mtu kitu.

Kitu cha pili ilikuwa mvua. Yeyote anayeijua Kabare anajua mvua ya saa nane. Chumba kile kilikuwa na bafle mbili nzuri, mpya, zote mbele, lakini juu yetu mabati matupu bila plafo. Mvua ilipoanza kupiga, mwalimu aliongeza sauti kwa kidole chake kwenye kioo, mstari wa kijani ukapanda mpaka mwisho, mikro ikaanza kupiga kelele kama mbuzi, na sisi wa nyuma hatukusikia hata neno. Kwa karibu saa nzima tuliangalia picha zikipita. Maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa, herufi ndogo ndogo, mistari kumi na mbili kwenye picha moja. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yetu alisema: hii ni sinema ya bubu.

Hapo ndipo tunasema, sauti kwanza. Plafo ya mbao chini ya bati, hata ya mianzi iliyosukwa vizuri, inasaidia masikio ya watu kuliko bafle ya tatu. Bafle ndogo ine zilizogawanywa ukutani, mbili mbele na mbili katikati, zinafikisha sauti nyuma bila kulilia wa mbele masikioni. Mikro iwe na waya kama hakuna anayeweza kununua batri kila mwezi. Mambo haya hayang'ae, hakuna mkubwa anayekuja kukata utepe wa plafo, na ni juu ya hiyo yanasahauliwaka.

Kitu cha tatu ndicho kilichofanya tuandike. Mvua ilipopungua, mwalimu alionyesha mchoro wa shimo lililokatwa katikati, na akasema sheria hairuhusu mchimbaji wa mkono ashuke zaidi ya metre 30. Mzee mmoja wa Kamituga akasema metre si tatizo la kwanza, maji ndiyo tatizo. Akaombwa aeleze. Akasimama, akatafuta maneno, akashindwa, akaomba aonyeshe. Ile ekrani kubwa ya ukutani ni ya aina nyingine kuliko ya meza: miali isiyoonekana inapita juu ya kioo, na kitu chochote kinachoikata, kidole chenye sugu, fimbo, hata kijiti, kioo kinajua kiko wapi. Mzee alichukua kijiti, akachora mashimo matatu, si moja. Akaonyesha namna vijia vya chini vinakutana, namna shimo la jirani lililoachwa linajaa polepole, na namna mvua moja kubwa inavunja ukuta mwembamba uliobaki na maji yote yanaingia kwa wale waliokuwa wanajiona salama. Wote tulikumbuka 11 Septemba 2020, mashimo ya Kamituga yalipojaa maji nyuma ya mvua kubwa na watu karibu 50 wakahesabiwa kuwa wamebaki ndani.

Kutoka pale, chumba kiligeuka. Kijana wa Nyabibwe, yule wa kidole, alikuja kuongeza pa kuweka mbao. Mama wanaotwanga walionyesha pale wanapokaa, chini kabisa ya mtelemko, ambako hakuna aliyewaweka kwenye mchoro wa kwanza. Mwalimu mwenyewe, tumpe haki yake, alikaa na kuandika kwenye daftari. Kwa nusu saa, franga ya ile mashine ilionekana.

Halafu saa ikafika, akagusa kioo cha meza, projektere ikazimika, mchoro wa mzee ukapotea. Kuko kifungo cha kuhifadhi. Kuko pia namna ya kuutuma kwenye simu ya kila mtu. Hakuna aliyekijua kifungo hicho, juu chumba kilifunguliwa na mlinzi, mlinzi alikuwa na nambari ya siri ya kuwasha tu, na fundi aliyepanga mashine aliisharudi kwake mbali. Tulisikitika kuliko siku ya kukosa malipo.

Sasa tuangalie watoto wetu, juu ni wao wanaokaa kwenye oditoriumu kila siku. Mchimbaji wa kwetu analipa minervali ya mtoto kwa gramu za dhahabu au kilo za kasiteriti, na hajue mtoto anakaa mstari wa ngapi. Ulizeni. Watawaambia kuko vyumba ambamo mtu anaamka saa kumi ya usiku kwa kutafuta kiti cha mbele, na wa nyuma wananakili daftari la rafiki. Pahali pa namna hiyo, mikro na picha kubwa si starehe, ni nusu ya fundisho. Tena kile kinachorekodiwa kinaweza kumfuata mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya malipo. Wenzetu wa Kenya walijaribu mapema: mwaka 1997 Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianza kwa msaada wa Banki ya Dunia, na wanafunzi wa Kenyatta University, Nairobi, wakawa wanaangalia kwenye televisheni masomo yaliyotoka Marekani kwa satelite. Mwanafunzi alimwona profesere, profesere hakumwona mwanafunzi. Picha inasafiri vizuri. Kuuliza swali ndiko kugumu. Mzee wa Kamituga na kijiti chake hangeingia kwenye satelite ile.

Umeme pia. Bukavu na Kabare tunategemea Ruzizi, na kila familia inajua delestage. Projektere ya zamani yenye ampule inachukia kukatiwa umeme ghafula: ampule ni ya moto sana, feni inasimama, inapasuka au inazeeka mbele ya siku zake. Hata bila ajali inafanya masaa 2 000 mpaka 5 000. Ile ya leza inafika masaa 20 000 na haina ampule ya kubadilisha. Ni ghali siku ya kununua, rahisi nyuma. Kuhusu nguvu, hesabu si ya kutisha: projektere wati 300, sauti 200, kompyuta na ekrani ya meza 100, jumla 600. Masaa matatu ya fundisho ni kilowati-saa 1,8. Batri ya kilowati-saa 2,5 na paneli za jua zinatosha, bila grupu inayonguruma dirishani na kunywa esanse. Mtu akikuletea fakture ya grupu kubwa kwa chumba kimoja, mwambie akuonyeshe hesabu yake.

Basi mkiitwa kuandika cahier des charges, msiandike «chumba cha kisasa» halafu mkaweka sinyatire. Andikeni plafo, bafle ine, batri na ondileri, leza, na ekrani kwa mwisho. Andikeni kwamba watu wawili wa kijiji, mmoja akiwa mama, watafundishwa kuwasha, kuhifadhi na kupanga upya, na nambari ya siri itakuwa kwao. Andikeni kwamba vifungo vya kawaida vitabaki ukutani, ili siku kioo kinagoma taa na sauti visigome nacho. Andikeni lugha: maandishi ya Kiswahili, na mahali pengine Mashi, Kilega au Kihavu kwa mdomo, juu ekrani ya dola elfu kadhaa yenye Kifaransa kitupu ni ukuta tu. Kuko tume ambayo inasimamia ile 0,3%, ndani yake wajumbe wa kampuni na wa jamii. Wajumbe wa jamii ni nyinyi, au ni watu wenu, muwaombe wawaonyeshe fakture.

Jambo moja lilitoka kwa mama wanaotwanga mawe, mbele ya kuachana pale Mudaka. Waliuliza kama picha na sauti za siku nzima zinaweza kuingia kwenye karta ndogo ya simu, ili waende kuwaonyesha wale waliobaki kwenye mawe. Zinaweza. Simu ya bei ndogo yenye nafasi ya karta inazisoma. Kwa fundisho linalokuja tumenunua karta kumi, na mzee wa Kamituga ameombwa arudi achore tena.