Kila Moyo na Hesabu Yake

Wanangu, kabla sijaanza, geuza kiganja chako cha kushoto kitazame juu. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye kifundo cha mkono huo, upande wa kidole gumba. Bonyeza taratibu, usubiri. Unausikia? Unagonga kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Huo ni moyo wako. Uhesabu dakika nzima, kisha uitunze hesabu yako, tutaihitaji mbele ya safari.

Mimi nilizaliwa Makongolosi, wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya. Dhahabu ya bonde la Lupa ilianza kuwavuta watu huku tangu miaka ya 1920, na hadi leo mji wetu unaamshwa na karasha zinazosaga mawe kabla jogoo hajamaliza kuwika. Baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo. Siku moja, nikiwa darasa la tano, alirudi kutoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na kitu kinachotikisika ndani ya koti lake. Kilikuwa kitoto cha mbwa, rangi ya vumbi letu jekundu.

Mama akasema, "Baba Fulani, nyumba hii ina vinywa vya kutosha."

Baba akajibu, "Na huyu ndiye wa mwisho. Anatosha."

Jina likazaliwa palepale: Tosha.

Tosha alikuwa na mahali pake, nyuma ya geti letu la bati. Kila niliporudi kutoka shule alinitambua kwa mwendo, na kabla sijalifungua geti nilikuwa nausikia mkia wake ukipiga bati: ta-ta-ta-ta-ta. Hakuna mtu, hata mama, aliyewahi kunipokea kwa haraka ile.

Somo langu la kwanza la udaktari nilifundishwa nikiwa nimemshika Tosha kichwa. Baba alikuwa amempeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Nikamuuliza bwana mifugo, "Shikamoo. Sasa mbona unamchoma, na yeye haumwi?" Akacheka, akaniambia chanjo ni kama kuwaonyesha walinzi picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Siku atakapokuja watamjua. Baadaye nilisoma kwamba tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akapona. Nanyi likumbukeni hili: ukiumwa na mbwa, hata awe wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa ule dalili zake zikishajitokeza, karibu kila mara huua. Chanjo inatakiwa itangulie.

Basi nikakua, nikapata nafasi ya kusomea udaktari. Kwetu Tanzania ni miaka 5 ya chuo, halafu mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Kila nilipokwenda likizo nilipanda basi Mbeya mjini, tukapanda milima yenye baridi na ukungu wa Kawetere, kisha tukateremka kwenye joto la Chunya hadi nyumbani, zaidi ya kilomita 100. Na mwisho wa safari kulikuwa na bati lile. Ta-ta-ta. Ila kila mwaka mkia ulipunguza kasi, na pua ya Tosha ikaota mvi.

Nilipokuwa mwaka wa nne nikawa mama kijacho. Mume wangu alikuwa mwalimu mbali na Mbeya, tukionana mwisho wa mwezi. Mchana nilikuwa wodini, usiku nilikuwa kwenye vitabu, miguu imevimba, mtoto anacheza tumboni kila nilipofungua daftari. Mimba ikiwa ya miezi sita, mama akapiga simu alfajiri.

"Mwanangu, umekaa?"

"Nimekaa, mama."

"Tosha hakuamka leo."

Alikuwa na miaka 12. Kwa mbwa huo ni uzee kamili. Hakuumwa na nyoka, hakugongwa na pikipiki. Alilala nyuma ya geti lake, akakaa hukohuko. Nami nilikuwa na mtihani wa vitendo siku chache mbele, sikuweza kwenda kumzika.

Kwetu ukijikwaa barabarani, mtu usiyemjua anakwambia pole. Ukibeba mzigo, pole. Ukitoka kazini, pole na kazi. Lugha yetu ina pole ya kila kitu. Lakini siku ile, nilipomweleza mwenzangu kwa nini macho yangu ni mekundu, aliniambia, "Si mbwa tu? Wewe una mtoto anakuja, furahi." Hakuwa mbaya. Alidhani furaha ni maji, ukiyamwaga juu ya huzuni inazimika.

Nikaanza kujificha. Nikilia, nilijiona mama asiye na shukrani, tena nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba machozi ya mja mzito humfuata mtoto. Mtoto akicheza nikatabasamu, nilijiona nimemsaliti Tosha kabla udongo wake haujakauka. Siku ya tatu nilikuwa sili.

Wodi ya wazazi ilikuwa na mkunga mmoja mtu mzima, tuliyemwita Mama sote, hata madaktari. Siku hiyo alikuwa anatufundisha kusikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu. Ni kifaa kidogo chenye umbo la tarumbeta, cha mbao au cha alumini, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na hakitumii umeme wala betri. Mdomo mpana unauweka tumboni kwa mama, sikio lako linakaa upande wa pili, mikono unaiachia, unanyamaza.

Nilisikiliza tumbo la mama mmoja aliyekaribia kujifungua. Nikasema kwa kujiamini, "Themanini kwa dakika."

Mkunga akatikisa kichwa. "Huyo uliyemhesabu ni mama yake."

Akaushika mkono wangu, akaweka vidole vyangu kwenye kifundo cha mkono wa yule mama. "Damu ya mama inavuma karibu na kondo la nyuma, inakudanganya. Shika moyo wa mama kwa vidole, tafuta wa mtoto kwa sikio. Usiuzime mmoja ili uusikie mwingine. Kila moyo una hesabu yake."

Nikainama tena. Vidole vikasikia tu... tu... tu. Nikasogeza fetoskopu kidogo, na chini kabisa, kama saa iliyofunikwa na mto, nikausikia mwingine unakimbia. Mia na arobaini. Moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Linganisha na hesabu uliyoitunza, uone alivyokuwa na haraka.

Zamu ilipoisha, mkunga akaniita. "Daktari, wewe una nini?" Nikamwambia yote, nikitegemea kuchekwa. Akavuta pumzi. "Pole, mwanangu. Miaka 12 ni mingi." Nikamuuliza kama machozi yangu yatamdhuru mtoto. Akasema, "Kulia hakumdhuru. Kutokula ndiko kunakonitia hofu. Huzuni ikikunyima chakula na usingizi, unaisema kliniki kama unavyosema homa."

Sasa, fetoskopu huwezi kujisikilizia mwenyewe, sikio halifiki. Akanilaza, akaniwekea vidole vyangu kwenye kifundo cha mkono wangu, akaweka sikio lake tumboni kwangu. Kisha kwa kidole kimoja akaanza kunigongea goti kila moyo wa mwanangu ulipopiga. Kwenye kifundo nilijisikia mwenyewe, taratibu, mzito. Gotini nilimsikia mtoto: ta-ta-ta-ta-ta.

Nilikuwa naujua mdundo ule. Nikalia hapo kitandani, nikicheka. Mkunga hakunizuia. Aliendelea kugonga.

Nilifanya mtihani, kisha nikaenda nyumbani. Baba alikuwa amemzika Tosha chini ya mwembe, akazungushia mawe meupe, yale anayoyavunja akitafuta dhahabu. Mama alinipitisha njia ndefu ili nisikaribie wanakochomea dhahabu kwa zebaki, kwa sababu mvuke wake humwingia mama, ukapita hadi kwa mtoto, ukaharibu ubongo unaojengwa. Wanangu mnaokaa karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, msiichezee zebaki hata kama inang'aa, na mkimwona mja mzito anaelekea huko, mwambieni.

Na rafiki yako akilia kwa ajili ya paka, mbuzi au kuku wake, usimwambie ni mnyama tu, wala usimkumbushe mazuri aliyonayo ili anyamaze. Mpe pole yake. Mazuri yake yapo, yataendelea kupiga bila wewe kuyasukuma.

Binti yangu alipofikisha miezi mitatu nilimpeleka Makongolosi kwa mara ya kwanza. Nilishuka kwenye bajaji, mtoto mgongoni amelala, nikafika getini, nikasimama. Bati likanyamaza.

Mama akatoka. Alinitazama, akalitazama geti. Hakusema kitu juu ya mbwa. Alifungua kanga yangu kifuani, akampokea mjukuu wake, akamweka begani.

"Huyu nimemshika," akasema. "Wewe nenda mwembeni kwanza."