Si kila kinachorushwa majini ni chambo

Majuzi nilisimama ukingoni mwa bwawa moja katikati ya mashamba ya majanichai, nje kidogo ya mji wa Kericho, nikimtazama kijana akifinyanga matonge ya pumba za mahindi, makombo ya ugali na unga wa omena. Alitia udongo wa mfinyanzi kidogo, akarusha matonge mawili matatu majini, kisha akatunga nyungunyungu kwenye ndoana. Nikamuuliza mbona anatupa chambo chote hicho bure. Akacheka: "Hiyo si chambo, mwalimu. Hiyo ni ya kuwaita. Chambo ndiyo hii iko kwa ndoana."

Msahihishaji wa mtihani angemkata alama. Chambo ni nomino ya ngeli ya KI-VI, wingi wake vyambo. Kiambishi ki- kimekutana na irabu kikawa ch-, kama katika chakula na chombo. Angepaswa kusema "hicho si chambo". Sawa. Lakini kwa upande wa maana, kijana huyo ni makini kuliko wengi wetu tunaoishi kwa kalamu.

Chambo, jinsi kamusi zetu zinavyokieleza, hukaa penye ndoana au mtego. Ndiyo maana tunasema mtu fulani "alitumiwa kama chambo": nyuma yake pana kitu cha kunasa. (Ukifika Malawi mambo hugeuka, kwani huko chambo ni samaki mwenyewe, wa jamii ya perege.) Tonge la pumba halina ndoana ndani yake. Samaki anaweza kulila akaenda zake salama. Kazi yake ni kuwakusanya samaki waliotawanyika bwawani waje mahali pamoja, karibu na ukingo, pale mshipi wa mtu asiye na mashua unapoweza kufika.

Kambare, ambaye majirani zetu Waluo humwita mumi, hutafuta chakula kwa harufu na kwa sharubu zake zinazoonja, hata katika maji ya matope asimoona kitu. Unga wa omena ukiyeyuka, harufu husambaa naye huifuata hadi chimbuko lake. Udongo wa mfinyanzi hulizamisha tonge na kulifanya limumunyuke polepole. Siri kubwa ni kipimo. Ukimwaga debe zima, samaki watashiba na nyungunyungu wako hawatamtazama. Na yale mabaki yakioza yatakula oksijeni ya maji. Kidogo kidogo, basi, kiasi cha kutia hamu.

Mtoni ni habari nyingine. Kiptiget, Itare na Chemosit ni mito ya mwendo wa kasi inayoteremka kuelekea Sondu na hatimaye Ziwa Victoria. Tonge ukilirusha mbele yako litakwenda kuwalisha samaki wa mwenzako huko chini. Sharti ulirushe juu ya mkondo, liwe zito. Na kwa trauti wa Kiptiget, samaki mgeni ambaye jamii yake ililetwa Kenya mwaka 1905, desturi ya wavuvi ni nzi bandia tu, bila kumwaga chochote.

Kinachonifanya nishikilie tofauti hii si ukereketwa wa msamiati. Kiswahili kina neno la tatu la kitu kinachotiwa majini: utupa. Ni mmea ambao majani yake, yakipondwa na kumwagwa mtoni, huwazuia samaki kutumia oksijeni, wakaelea juu wakubwa kwa wadogo. Kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na maji hayohayo ndiyo wanayokunywa ng'ombe na watu wa chini. Sasa mwandishi wa habari akiandika kwamba vijana walionekana "wakimwaga chambo mtoni", nimwelewe vipi? Wamemwaga pumba, au wamemwaga utupa? Wa kwanza anangoja samaki waje. Wa pili anaokota mizoga. Msomaji anayechota maji kilomita mbili chini ya hapo ana haki ya kujua.

Waingereza wana neno lao mahususi la chakula hiki cha kutawanya. Sisi wengine hupenda kusema "chambo cha kumwaga". Silikatai, ila linaeleza mkono unafanya nini tu. Halisemi kwa nini, na utupa nao humwagwa. Mimi naona kauli ya kijana wa bwawani ndiyo bora: chambo cha kuita, kikitofautishwa na chambo cha ndoana. Nao wavuvi wa Pwani, ambao ndio wenye msamiati huu tangu jadi, kama wana jina lao la neno moja, na waniandikie. Nitalichapisha hapa wiki ijayo.