Wakristo wa kwanza na Kaisari: Mpaka wa dini na siasa ulivyopimwa

KAULI kwamba dini isichanganywe na siasa husikika mara kwa mara, lakini historia ya Wakristo wa kwanza inaonyesha kuwa mpaka huo haujawahi kuwa rahisi kuuchora.

Chimbuko la suala hilo ni kodi. Mwaka 6 baada ya Kristo, Warumi walipoanza kuitawala Uyahudi moja kwa moja, waliandikisha watu na mali zao ili watozwe kodi. Yuda wa Galilaya aliongoza uasi wa kupinga hatua hiyo.

Kwa sababu hiyo, Yesu alipoulizwa iwapo ni halali kumlipa Kaisari kodi, swali hilo lilikuwa mtego. Kukubali kungemkosanisha na wananchi waliochoshwa na utawala wa kigeni. Kukataa kungemfanya ashitakiwe kwa uchochezi.

Jibu lake lilitenganisha haki ya Kaisari na haki ya Mungu, lakini halikutaja mpaka wa haki hizo uko wapi. Kazi hiyo iliachiwa wafuasi wake.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi unaokadiriwa kuandikwa mwaka 57, aliwataka waumini watii mamlaka na walipe kodi. Mtawala wakati huo alikuwa Nero, ambaye baada ya moto ulioteketeza sehemu kubwa ya Roma mwaka 64, aliwatwisha Wakristo lawama na kuwaua kikatili.

Hata hivyo, Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kuwa Petro na wenzake waliliambia baraza kwamba utii kwa Mungu hutangulia utii kwa wanadamu.

Ubani kama kipimo

Mvutano huo ulijitokeza wazi takriban mwaka 112 huko Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, pale Gavana Pliny alipomwandikia Kaisari Trajan kuomba mwongozo.

Washitakiwa waliomkana Kristo, wakafukiza ubani na kutoa divai mbele ya sanamu ya mtawala, waliachiwa. Walioshikilia imani yao baada ya kuulizwa mara tatu waliuawa.

Trajan alijibu kuwa Wakristo wasisakwe, wala mashitaka yasiyo na jina la mshitaki yasipokewe, lakini waliothibitika kuwa Wakristo na kukataa kuikana imani waadhibiwe.

Kwa Warumi, ubani huo ulikuwa uthibitisho wa uaminifu kwa dola. Kwa Wakristo, ulikuwa ibada ya sanamu. Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, alijibu hoja hiyo takriban mwaka 197 akisema Wakristo humwombea mtawala, ila hawamwabudu.

Kaisari Decius alikwenda mbali zaidi. Kwa amri yake, wakazi wa dola walitakiwa kuitolea miungu sadaka na kupewa hati ya kuthibitisha hilo. Makumi ya hati za mwaka 250 zimepatikana nchini Misri.

Kanisa laingia ikulu

Mwaka 313, Constantine na Licinius waliruhusu uhuru wa kuabudu na kuamuru Wakristo warudishiwe mali zilizotaifishwa. Mwaka 325, Constantine mwenyewe aliitisha mtaguso wa maaskofu mjini Nikea. Mwaka 380, Theodosius na watawala wenzake waliufanya Ukristo wa Nikea kuwa dini rasmi ya dola.

Tangu hapo swali liligeuka. Waliokuwa wakijiuliza namna ya kuikabili dola walianza kujiuliza namna ya kuitumia.

Huko Afrika Kaskazini, Augustine, Askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, awali alipinga kuwalazimisha Wadonati, kundi la Wakristo waliojitenga, kurudi kanisani. Baadaye aliunga mkono sheria za dola dhidi yao, na mwaka 412 walitozwa faini kwa msimamo wao wa imani.

Lakini nguvu hiyo mpya ilikuwa na sura ya pili. Mwaka 390, baada ya askari wa Theodosius kuua wakazi wengi wa Thesalonike, Ambrose, Askofu wa Milan, alikataa kuadhimisha ibada mbele ya mtawala huyo hadi atubu. Theodosius, Kaisari aliyeufanya Ukristo kuwa dini ya dola, alitubu hadharani.

Hivyo, katika kipindi kisichozidi miaka 25, kanisa lilelile lilimkemea mtawala kwa kumwaga damu, kisha likamtegemea mtawala kuwaadhibu waliotofautiana nalo. Pande zote mbili za urithi huo hutajwa hadi leo kila mjadala wa dini na siasa unapozuka.