Pikapu Mpya, Matope ya Nyamache: Panga Vifaa kwa Zamu, Lipa kwa Akili

Kakangu alinunua pikapu mwezi wa Januari. Mpya kabisa, 4x4, kebini mbili. Pesa zingine zilikuwa akiba yake ya miaka, zingine mkopo wa benki. Mpango ulikuwa kubeba ndizi na ovakado kutoka vijiji vya Nyamache hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Lakini wiki ya kwanza hakubeba hata mkungu mmoja. Alikuwa kwa simu, akitazama picha za bulbaa, taa za juu na matairi mapana.

Jioni moja akapata "muuzaji" mtandaoni. "Bei ni ya leo tu, boss. Tuma dipoziti nikuwekee." Akatuma shilingi 45,000 kwa nambari ya kawaida ya simu. Jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la duka lile. Aliliona, lakini akabonyeza tu. Kufikia siku ya tatu, nambari ilikuwa mteja.

Hizo 45,000 zilikuwa sehemu kubwa ya malipo ya mkopo ya Februari. Alikopa kwa marafiki ili kuziba pengo. Kisha mvua ya Machi ikaanza. Alfajiri moja akakwama kwenye kilima akiwa na mzigo wa ndizi, bila kamba ya kuvutia, bila koleo. Vijana wa boda wakaja na majembe, wakamtoa, akawalipa. Alipofika Daraja Mbili, wanunuzi wa jumla walikuwa wameshaondoka. Mama alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii gari ulinunua ikubebe, ama ulinunua uibebe?"

Amenipa ruhusa niisimulie, mradi nisitaje jina lake. Na sababu ya kuisimulia ni hii: kutaka kuboresha gari lako si kosa. Barabara zetu zinadai gari liwe tayari. Kosa ni kununua bila mpango na kulipa bila kuangalia. Tuanze na mpango.

Endesha kwanza, nunua baadaye

Kama hakuna dharura, jipe miezi mitatu na gari jinsi lilivyotoka dukani. Weka daftari ndogo ndani ya gari, au andika kwenye simu: leo nimekwama wapi, nini kimegonga chini, mzigo ulikuwa kilo ngapi, usiku nilikosa kuona wapi. Baada ya miezi mitatu, hiyo daftari ndiyo orodha yako ya kununua. Haitafanana na ya jamaa wa Nairobi anayeenda jangwani mara moja kwa mwaka.

Upande wetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kwa kawaida hupita milimita 1,500. Udongo ni mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Vilima ni vikali na mitaro iko pembeni. Kwa hivyo shida kubwa ya dereva wa Nyamache ni kuteleza na kukwama, si kuvuka mito mirefu. Bomba la hewa la kupanda kando ya kioo, lile la snokeli, linapendeza. Lakini jiulize, mwaka huu umevuka maji yaliyofika kwenye boneti mara ngapi? Kama ni sufuri, hiyo pesa ina kazi nyingine.

Kuna kitu kingine, na hiki ni bure: jifunze gari lako. Hilux na D-Max nyingi zina 4x4 ya kuwasha na kuzima. Kwenye matope, washa kabla hujaingia, usingoje mpaka gurudumu lianze kuzunguka bure. Ukirudi kwenye lami kavu, izime, kwa sababu ukikata kona nayo imewaka unaumiza gia na ekseli. Gia ya chini, ile ya 4L, ni ya kupanda na kuteremka polepole. Wengi hununua winchi kabla hawajawahi kugusa hicho kitufe.

Zamu ya kwanza: kutokwama, na kutoka ukikwama

Hapa ndipo shilingi ya kwanza inaenda.

*Matairi.* Gari jipya mara nyingi huja na matairi ya lami. Meno yake ni madogo, yanajaa matope upesi na kuwa laini kama chapati. Kwa mtu anayetumia lami na udongo siku hiyo hiyo, tairi la kati, lililoandikwa A/T, hufaa zaidi. Lile la M/T lina meno makubwa ya matope, lakini lina kelele kwenye lami, hula mafuta zaidi, na mara nyingi halishiki vizuri lami iliyolowa. Baki na saizi iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tairi kubwa kuliko hiyo linaweza kugusa bodi, na pia hudanganya spidi: saa itasoma chini kuliko mwendo wako halisi.

Kabla ya kulipa, soma ubavu wa tairi. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2224, tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2024. "Mpya" iliyokaa stoo miaka mingi si mpya. Na yale ya kiwandani usiyatupe. Yauze yakiwa bado na meno, hiyo pesa iingie kwa mapya.

*Vya kujitoa.* Kamba imara ya kuvutia yenye kipimo cha uzito, kulabu zake, koleo, jeki nzuri na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki isizame. Kamba ifungwe kwenye kituo cha kuvutia kilichoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Usiifunge kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, kwa sababu kikikatika hurushwa kama risasi. Na watu wasimame mbali na kamba.

*Pampu ndogo ya upepo.* Ukiwa mtupu kwenye matope, kupunguza upepo wa tairi kidogo hulifanya likanyage kwa upana na kushika. Lakini lazima uujaze tena kabla ya lami, na usipunguze ukiwa na mzigo mzito. Ndiyo maana pampu ya kuchomeka kwenye gari huja kabla ya taa za urembo.

Zamu ya pili: kulinda gari

Kama daftari yako imeandika "imegonga chini" mara tatu, weka bamba la chuma la kulinda injini na gia. Matandiko ya mpira au plastiki ngumu kwenye kitanda cha nyuma hulinda rangi isikwaruzwe na kreti. Na kwa gari la dizeli, kichujio cha mafuta ni uhai. Kibadilishe kwa wakati na mwaga maji yanayokusanyika chini yake. Maji kwenye dizeli yanaweza kuua pampu ya injini, na bei ya hiyo pampu itakufanya usahau bulbaa.

Ukitaka taa za ziada, ziwe na fyuzi na waya zake, zifungwe na fundi wa umeme wa magari, si wa kukata waya na kufunga kwa utepe. Zielekezwe chini, na zizimwe ukikutana na wenzako. Kumpofusha dereva wa Probox iliyojaa abiria kwenye kona ya usiku si kuboresha gari.

Zamu ya tatu: vizito na vya kupendeza

Bulbaa, winchi, kanopi, springi za kuinua gari. Si vibaya, lakini vina uzito, na uzito unakatwa kwenye mzigo wako. Tuseme bulbaa ya chuma ni kilo 60, winchi 35, kanopi 70, na spea ya pili 35. Jumla ni kilo 200. Kama mkungu wako wa ndizi ni kilo 25, umeacha mikungu 8 nyumbani, kila safari, mwaka mzima. Piga hesabu ya hiyo hasara kwanza.

Ukiamua kununua winchi, chukua uzito wa juu wa gari likiwa limejaa, zidisha kwa moja na nusu. Gari la kilo 3,000 linataka winchi ya kilo 4,500. Ukiamua kuinua gari, kumbuka kwamba gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona, na kona ni nyingi kati ya hapa na Kisii.

Mambo matatu ya karatasi usiyaruke. Soma waranti uone ni mabadiliko gani yanaifuta. Mwambie wa bima kila kifaa ulichoongeza, kwa sababu kisichoandikwa kinaweza kukosa kulipwa. Na ukibadilisha rangi au umbo la bodi, logibuku ibadilishwe kupitia NTSA.

Pesa: pochi tatu, si moja

Makosa mengi huanza pesa za mkopo, za mafuta na za vifaa zikikaa mahali pamoja kwenye simu. Zinaonekana nyingi, kumbe zina wenyewe. Zigawe:

1. *Ya mkopo.* Hii inatoka kwanza, kila safari. Haiguswi hata kwa ofa ya "leo tu". Ukichelewa mara kadhaa, gari linaweza kuishia kwa dalali wa mnada, pamoja na bulbaa yake.
2. *Ya kazi.* Mafuta, sevisi, bima, mishahara ya wapakiaji.
3. *Ya vifaa.* Kinachobaki, hata kidogo, lakini kila siku ya kazi.

Tuseme matairi manne ni 100,000. Ukiweka 1,000 kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki, ni 5,000. Baada ya wiki 20 umemaliza. Ukianza Oktoba, utakuwa na matairi mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu ya Machi. Na kama nyumbani mnapeleka majani kwa kiwanda cha chai cha Nyamache, bonasi ya mwisho wa mwaka inaweza kufupisha safari. Ila usiitegemee yote: bonasi za kwetu mara nyingi huwa chini ya zile za upande wa Mlima Kenya, na karo ya shule nayo inaingoja.

Kama mkono wako ni mwepesi, weka pesa za vifaa kwenye akaunti ya kufunga, kwa mfano ile ya M-Shwari, uchague muda unaofika hadi siku unayotaka kununua. Ukikutana na picha tamu ya taa usiku wa manane, pesa ziko ndani.

Kabla ya kubonyeza Tuma

- *Lipa duka, si mtu.* Omba nambari ya till au ya paybill. Kulipa kwa till hakumkati mteja ada. Muuzaji akisema "till ina shida, tuma kwa hii nambari yangu", simama hapo.
- *Soma jina.* Kabla pesa hazijatoka, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisilingane na la duka, ghairi. Hiyo sekunde moja ndiyo kakangu aliiruka.
- *Ona kifaa kwanza.* Ukinunua kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, na huwezi kwenda, tuma mtu unayemwamini akione na kukigusa. Vinginevyo, mkubaliane kulipa kifaa kikifika Kisii.
- *Dipoziti iwe ndogo.* Iwe kiasi ambacho kikipotea hakigusi pochi ya mkopo. Na ipate risiti inayotaja kifaa, saizi, na tarehe ya kuletwa.
- *Jua kiwango.* Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi 250,000, na kwa siku hauzidi 500,000. Kazi kubwa igawe kwa hatua: sehemu kifaa kikifika, sehemu kikifungwa, iliyobaki baada ya kulijaribu gari barabarani.
- *Hifadhi ujumbe.* Usifute SMS ya malipo. Ndiyo ushahidi wako wa waranti, wa bima, na wa polisi ikibidi.
- *Ukikosea nambari,* peleka ujumbe huo wa malipo kwa 456 mara moja. Usingoje kesho, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa, kuzirudisha ni kazi ngumu.
- *PIN ni yako peke yako.* Si ya fundi, si ya muuzaji, si ya "ofisi" inayokupigia.

Na kakangu?

Aliripoti kwa polisi akiwa na ile SMS. Pesa hazijarudi. Mkopo aliupatanisha na benki mapema, kabla barua hazijaanza kuja, na hilo lilimwokoa. Kisha akaanza upya na daftari. Mpaka sasa amenunua kamba, koleo, pampu na, juzi, matairi manne ya A/T. Alilipa kwa till, ndani ya duka, baada ya kusoma DOT ya kila moja.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Alipanda kile kilima cha Machi na mzigo wake, 4x4 imewaka, polepole. Alifika Daraja Mbili saa kumi na mbili asubuhi, wanunuzi wakiwa bado wanapiga miayo. Bulbaa bado hana. Anasema ataiwaza mkopo ukiisha.