Unakauka au Umekauka? Jinsi Umeme Upimavyo Maji katika Unga wa Dawa

Mkazi wa Mpuguso, wilayani Rungwe, hahitaji kufundishwa thamani ya ukavu. Mvua ni nyingi huko, na jani bichi la chai ni maji kwa sehemu kubwa ya uzito wake. Kiwandani halina budi kukaushwa hata yabaki maji kiasi cha 3 kwa mia tu. Likibaki na maji mengi huota ukungu. Likizidi moto huungua.

Unga wa dawa una shida iyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwani mgonjwa hana njia ya kuujua ubora wa kidonge kwa kukionja. Unga huloweshwa ili ushikamane na kuwa chembechembe, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto ipulizwayo kutoka chini. Ukibaki na maji mengi hunata katika mashine ya vidonge, na dawa nyingine huharibika. Aspirini, kwa mfano, huvunjwa na maji ikawa asidi mbili. Ukikauka kupita kiasi, vidonge hupasuka.

Desturi ya zamani ni kutwaa unga kidogo, kuupima uzito, kuukausha, na kuupima tena. Njia hii yaaminika, lakini jibu huja ilhali unga uliomo mashinani umekwisha kubadilika. Kwa hiyo hutumika umeme. Unga hupita baina ya mabamba mawili ya chuma. Maji yakijaa baina ya mabamba hayo huongeza uwezo wao wa kuweka umeme yapata mara 80. Unga mkavu huuongeza mara chache tu. Basi kadiri maji yatokavyo, ndivyo kipimo kishukavyo.

Hata hivyo, joto na msongamano wa unga hukigeuza kipimo hicho, na maji yaliyofungwa ndani ya chembe huonekana kwa shida. Ndiyo maana chombo hulinganishwa kwanza na mizani.

Hapa lugha nayo yatudai uangalifu. Yafaa neno “majimaji” litumike kwa maji yaguswayo juu ya chembe, na “unyevu” kwa jumla ya maji yote, pamoja na yale yaliyofungwa. Unga usio na majimaji waweza kuwa ungali na unyevu. Mkono hukimbilia kusema “umekauka”, na kumbe ungali unakauka. Maelezo ya kazi yakiyachanganya maneno haya, atakayeumia ni mgonjwa.