Ncha ya Kisu Penye Chumvi

Kisu changu cha kwanza cha kukunja hakikumaliza wiki na ncha yake. Nilikipenyeza kati ya makombe mawili ya chaza, kisha nikakizungusha kama mtu afunguaye kufuli. Kikalia tak, na kipande kisichozidi punje ya mchele kikabaki ndani ya chaza. Nikakilaani chuma. Sasa najua kwamba kosa kubwa lilikuwa la mkono wangu, ingawa na kisu chenyewe hakikuwa safi: mwenye kukiunda alikichonga kiwe cha kuchomea, nami nikakigeuza mtaimbo.

Kwa mkazi wa Gongoni, huku pwani ya Kenya, tofauti hiyo si ya kupuuza. Kutoka hapa hadi Marereni ni mashamba ya chumvi, na upande wa bahari kuna wavuvi wa Ngomeni. Kisu cha mfukoni hapa hutatua gunia, hukata kamba ya nailoni, hufumua fundo la wavu lililokaza, na mchana humenya embe. Katika kazi hizo zote, inayoumia kwanza ni ncha.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Nguvu ya bapa kuhimili kupindwa hufuata mraba wa unene wake. Chuma kilekile kikipunguzwa unene kwa nusu, hubakiwa na robo tu ya nguvu, si nusu kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo ukiwa dukani, usikitazame kisu kwa ubavu kama picha. Kiinue usawa wa jicho, ncha ikielekea mbali nawe, ufuate mgongo wake. Mgongo ukibaki mnene mpaka karibu na mwisho ndipo ukachongoka, hiyo ni ncha ya kazi. Ukianza kukonda tangu katikati, umeshika sindano. Itachoma vizuri sana, lakini usiipinde.

Umbo nalo lina neno. Visu vingi vya kuvutia macho vimekwanyuliwa mgongo karibu na ncha, kama mwezi mchanga. Pale panapokwanyuliwa ndipo nyama ya chuma ilipoondolewa. Mgongo unaoteremka polepole huacha chuma zaidi nyuma ya ncha. Mabaharia wa Uingereza walikwenda mbali zaidi: kisu chao cha kukunja kilikuwa na bapa butu mwishoni, na kando yake msumari mnene wa kufumulia mafundo. Makali yakapewa kazi yake, uchokonozi ukapewa chombo chake. Mimi naona walikuwa na akili kutushinda sisi tunaotaka kisu kimoja kifanye yote.

Muuzaji atakuambia chuma chake ni kigumu. Mshukuru, kisha ukumbuke kwamba ugumu si ushupavu. Kigae cha kioo ni kigumu, na kikianguka hupasuka. Ugumu wa kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Victorinox, kile kisu chekundu cha Uswisi, hutiwa maji hadi kufikia takriban 56, na kuna visu vya bei kubwa vinavyopita 60. Hivyo vya juu hukaa na makali muda mrefu, lakini aghalabu ncha yake huvunjika pale ambapo ncha ya 56 ingepinda tu. Iliyopinda unaweza kuirudisha kwa uangalifu. Iliyovunjika imekwenda.

Hapo bado hatujafika kwenye adui wa nyumbani. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba mno wa kromi iliyoshikana na oksijeni, na ili utando huo ufanyike, chuma kinahitaji kromi isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kloridi iliyo ndani ya chumvi huutoboa utando huo hapa na pale. Kinachotokea si kutu ya kuenea bali vishimo vidogo vinavyochimba kwenda chini. Kishimo kimoja kwenye mgongo mnene ni doa. Kishimo hichohicho karibu na ncha ni mahali pa kuvunjikia.

Na usiseme kisu chako hakijagusa maji. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi kavu hujivutia maji yenyewe hadi ikayeyuka, na usiku wa pwani hufika kiwango hicho bila taabu. Vumbi la chumvi lililobaki kwenye bawaba hugeuka maji ya chumvi wewe ukiwa umelala. Kisu cha kukunja kina ubaya huo zaidi ya kisu cha jikoni: kina mifuko. Kisuuze kwa maji baridi kikiwa wazi, kikung'ute, kikauke kikiwa wazi, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba.

Opinel, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mti tangu 1890, huuzwa cha aina mbili, cha chuma cha kaboni na cha chuma kisichoshika kutu. Kwa Gongoni ningechukua cha pili bila kusitasita, japo bapa lake ni jembamba: ni kisu cha kukata, si cha kubandua. Mpini wake wa mti huvimba ukilowa, na hapo kukifungua huwa shughuli. Uzuri wake ni ile pete inayozuia bapa lisikunjike. Kisu kisicho na kizuizi usikichomee kitu kigumu hata ncha yake ikiwa ya kuaminika, kwa sababu kitakachokubali kwanza ni bawaba, na vidole viko njiani.

Ncha ikishakatika, usikitupe kisu. Nenda kwa tupa au jiwe, si kwa mashine ya kunolea kwa kasi. Chuma kikipata moto mpaka kikageuka buluu, kimepoteza ugumu wake. Kichovye majini mara kwa mara. Na punguza upande wa mgongo, uuteremshe mpaka ukutane na makali. Ukipunguza upande wa makali, ncha mpya itakaa juu, na kisu kikikunjwa itachungulia nje ya mpini, ikilingojea paja lako.