Umekwama masomoni? Rudi pale ulipopotelea

Unaijua ile karatasi ya matokeo inayobandikwa ukutani baada ya mtihani. Majina ya juu yanasomwa kwa sauti. Ya chini pia yanasomwa, ila kwa kicheko. Kama jina lako hukaa huko chini, au una mdogo wako anayekaa huko, haya ni yenu.

Tuanze na hesabu kidogo. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na kuendelea, ile gredi ya kwenda chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Piga hiyo hesabu ya kutoa. Zaidi ya watu laki 7 walibaki chini. Sasa niambie, hao wote ni wavivu? Wote walikuwa TikTok hadi saa nane usiku? Zii. Watundu wa nyuma ya darasa hawafiki laki 7. Hapo unaongea kuhusu darasa karibu lote.

Tangu 2018 serikali imekuwa ikisukuma kila mtoto anayemaliza shule ya msingi aingie sekondari. Ni jambo zuri, na sitaki mtu aniambie tofauti. Lakini kuingia getini ni kitu kimoja, kuelewa kinachosemwa ubaoni ni kingine. Wakati wa KCPE, aliyepata alama 150 kati ya 500 angeweza kuketi dawati moja na wa 350. Wanapewa kitabu kilekile, mwalimu yuleyule, silabasi ileile na mwendo uleule. Huyu wa 150 anafanya nini? Anakopi noti. Miaka minne anakopi noti safi kabisa ambazo hazielewi.

Na shule ikiona anaanguka, inamwongezea nini? Saa. Anaamshwa mapema kuliko jogoo, anasoma Jumamosi, anasoma usiku, na kuna shule ambako mzazi anaitishwa pesa za "motisha" ili masomo hayo ya ziada yafanyike. Wakati mwingine hata likizo inaliwa, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imepiga marufuku tuisheni ya likizo. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Lakini tuseme pesa zipo na mzazi amekubali kulipa. Ndani ya hayo masomo ya ziada kunafanyika nini? Mara nyingi ni silabasi kukimbizwa mbele ili imalizike mapema. Aliyepotea Kidato cha Pili anaburutwa hadi Kidato cha Nne kwa kasi zaidi. Ni kama kumwambia mtu aliyeshuka stage isiyo yake atembee haraka. Atachoka, na bado hatafika kwao.

Hii si hadithi ya vijiweni. Watafiti walilipima jambo hili hapa kwetu, Magharibi mwa Kenya. Kundi moja, akiwemo Michael Kremer, liligawia shule za msingi vitabu kisha likaangalia alama. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tayari. Wengine hawakupanda, kwa sababu vitabu vilikuwa vigumu kuliko kiwango chao cha kusoma. Baadaye Kremer, Esther Duflo na Pascaline Dupas walifuatilia shule 121. Katika baadhi yake, watoto waligawanywa darasani kulingana na kiwango chao. Hata waliowekwa kwenye kundi la chini walipanda, na sababu moja kubwa ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha kitu wanachokifikia. Kremer na Duflo, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Huko India, shirika la Pratham lina mtindo wa namna hiyo. Mtoto anapimwa kwanza, kisha anawekwa na wenzake wenye kiwango sawa bila kujali yuko darasa la ngapi. Ni mtindo wa shule za msingi, najua. Lakini nionyeshe sababu ya kusema hautamfaa mtu wa Kidato cha Pili ambaye hajui kujumlisha nusu na theluthi.

Na hapo ndipo penye siri. Shimo lako huenda haliko pale unapoliona. Chukua Kemia ya Kidato cha Tatu, ile mada ya moli inayowatoa watu jasho. Unadhani Kemia imekukataa. Kumbe moli ni uwiano, uwiano ni sehemu, na sehemu zilifundishwa ukiwa msingi, pengine ile wiki ulitumwa nyumbani kuleta karo. Ukisomeshwa moli mara kumi bila kurudi kwenye sehemu, utapata sifuri mara kumi. Ukikaa na sehemu wiki mbili, hiyo moli inaanza kuongea lugha unayoisikia.

Sasa tufanye nini?

Wewe mwanafunzi, usimwambie mwalimu "sielewi hesabu". Hiyo ni kubwa mno, hata yeye hajui aanzie wapi. Chukua karatasi ya mtihani uliofeli, tafuta hatua ya kwanza uliyokosea kwenye kila swali, uiandike. Ukimaliza utaona makosa yanajirudia, pengine matatu tu. Mpelekee mwalimu hayo matatu. "Mwalimu, hapa kwa kuhamisha namba upande wa pili ndipo napotea." Hilo analijibu kwa dakika tano wakati wa break.

Tafuta watu watatu, msizidi wanne, wanaopotelea mahali pamoja na nyinyi. Usikimbilie kundi la namba moja wa darasa, wao wako mbali tayari. Mkiwa na mtu mmoja aliyewatangulia hatua kidogo, mmemaliza. Na yeye atafaidika, kwa sababu kumweleza mtu kitu ndiyo njia ya kujua kama umekielewa.

Huna mahali pa kusomea kwa sababu nyumba ni chumba kimoja na TV? Nairobi kuna maktaba Kibera, Buruburu, Makadara na Kaloleni, na McMillan iko katikati ya jiji. Masomo ya Khan Academy ni ya bure. Na kwa wasio na smartphone, Shupavu 291 ya Eneza Education ilionyesha kuwa hata mulika mwizi inaweza kubeba maswali na majibu kwa SMS.

Wewe uliyemaliza Form Four unangoja KUCCPS, una miezi kadhaa mkononi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina digrii ya kukuringia, lakini najua hili: kumwonyesha mtoto wa jirani sehemu na desimali hakuhitaji digrii. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha kuanza.

Nanyi walimu wakuu, kabla ya kuongeza kipindi kingine cha alfajiri, wapimeni kwanza. Mtihani mfupi wa mambo ya msingi, bila gredi na bila kubandikwa ukutani. Wagaweni kwa shimo walilo nalo, msiwagawe kwa nafasi waliyoshika. Mpeni kundi la chini mwalimu mwenye subira, maana mara nyingi aliye bora anawekwa na wale ambao wangepita hata wakijisomea. Baada ya wiki sita wapimeni tena. Asiyepanda, tafuteni kama shida ni masomo kweli, au ni njaa, macho, ama mambo ya nyumbani.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 inafanywa 2027, kisha mfumo mpya ubaki peke yake. Majina ya mitihani yatabadilika. Mtoto aliyepotelea kwenye sehemu atabaki palepale alipo mpaka mtu arudi kumchukua. Kama una mmoja nyumbani, leo jioni usimuulize amekuwa namba ngapi. Mwombe akuonyeshe swali moja alilokosa, kisha mkae nalo.